Safari ya Nairobi na Mtoto: Tazama Msimu Kwanza

  Leo tunazungumzia safari ya kwenda Nairobi na mtoto mdogo.

Kutoka Konza hadi Nairobi ni kama kilomita 60 tu. Kwa kuwa ni karibu, wengi wetu hupanda matatu bila kujiandaa. Tunafikiria nauli, tunasahau hali ya hewa. Lakini mtoto wa miezi minane hastahimili baridi, mvua wala jua kama mtu mzima. Basi kabla ya kupanga tarehe, jiulize: huu ni msimu gani?

Tuanze na baridi, Juni hadi Agosti. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai mawingu yanaweza kufunika anga siku nzima, na usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 12. Ikiwa ni ziara ya kusalimia jamaa tu, ingoje Septemba. Ukilazimika kwenda, usitoke alfajiri. Subiri jua lichomoze. Mvishe mtoto nguo mbili au tatu, moja juu ya nyingine, pamoja na kofia na soksi. Mkipata joto ndani ya matatu, mvue moja. Usimfunike uso kwa shali.

Ukifika, mwenyeji wako anaweza kuingiza jiko la makaa chumbani ili mtoto apate joto. Anafanya hivyo kwa wema, lakini mama, kataa. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini. Usione haya. Mwambie, "Asante dada, lakini jiko tuliache nje. Naomba blanketi moja zaidi."

Mtoto akianza kukohoa, hesabu pumzi zake akiwa ametulia, kwa dakika moja nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, huenda ni nimonia. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, nenda hospitali mara moja, hata usiku. Usingoje kurudi Konza.

Sasa mvua. Masika ni Machi hadi Mei, na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Katika masika ya 2024, mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini Kenya, na maji yakaingia nyumba za watu Mathare, Kitengela na Athi River. Kwa hivyo sikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kabla ya kufunga mzigo. Usivuke maji yanayokwenda kasi ukiwa na mtoto mgongoni. Beba maji yaliyochemshwa na pakiti za ORS, kwa maana mafuriko huleta maji machafu, na maji machafu huleta kuhara.

Januari na Februari ni jua, vumbi na msongamano wa magari. Mnyonyeshe mara kwa mara. Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji; maziwa ya mama yanamtosha hata wakati wa joto.

Na kama mji wenyewe ni Mombasa? Huko kuna malaria, hasa baada ya mvua. Mlaze mtoto ndani ya neti iliyotiwa dawa kila usiku. Akipata homa huko, au hata wiki kadhaa baada ya kurudi, mpeleke akapimwe, na umwambie muuguzi, "Tulikuwa Mombasa."

Mwisho, mama, kuna safari isiyongoja msimu. Kama daktari amekupa tarehe ya hospitali Nairobi, usiiache kwa sababu ya baridi. Msimu unakuambia ubebe nini na utoke saa ngapi. Haukuambii umkoseshe mtoto matibabu. Barabara ikifungwa na maji, nenda kituo cha afya kilicho karibu, ueleze, upewe ushauri. Na popote uendapo, beba kitabu cha kliniki cha mtoto.

Kinga ni bora kuliko tiba.