Mtunze Punda Kabla Upepo Haujageuka

(Haya ni mazungumzo ya mhudumu mmoja wa afya ya mifugo kwa wenye punda, waendesha punda na familia zao kisiwani Lamu. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema, ili na ndugu zetu wa Pate, Manda na Ndau ambao hawakufika wapate faida.)

  

Leo sikuja kuwafundisha punda ni nini. Nyinyi mmezaliwa mkawakuta. Katika mji huu, mawe yakishuka gatini kutoka Manda, nani huyafikisha kwenye nyumba inayojengwa? Mchanga, saruji, boriti, unga wa dukani, vyote hupita vichochoroni juu ya mgongo wa punda. Siku punda akilala, kuna nyumba ambayo chungu hakipandi jikoni.

Ninalotaka kusema ni moja tu, na mengine yote ni matawi yake. Punda haugui ghafla kama tunavyodhani. Msimu ndio humletea maradhi, na msimu tunaujua unakuja lini. Kwa hivyo matunzo yafanywe kabla upepo haujageuka. Ukingoja uone punda anaumwa, mara nyingi umechelewa, kwa sababu punda huficha maumivu. Ng'ombe hulia, mbuzi hulia. Punda husimama kimya, masikio yameanguka, na wewe wasema amechoka tu. Huyo pengine ni mgonjwa wa siku tatu.

KASKAZI: MAJI, KIVULI NA PLASTIKI

Tuanze na kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi. Jua kali, mvua hakuna, na ndio wakati ujenzi umepamba moto. Punda hufanya kazi nyingi zaidi wakati majani ni machache zaidi.

Punda mkubwa huhitaji lita 10 hadi 25 za maji kwa siku, na akifanya kazi juani huweza kupita hapo. Watu husema punda ni mvumilivu wa kiu. Ni kweli, huvumilia, lakini kuvumilia si kutohitaji. Na punda ni mteule wa maji: yakinuka au yakiwa machafu hayanywi hata kama ana kiu. Visima vyetu vikitekwa sana wakati huu, maji huanza kuwa na chumvi. Basi usimwekee ndoo ukaondoka. Simama umwone anakunywa. Mpe maji asubuhi kabla ya kazi, kila mnapopumzika, na jioni.

Kutoka saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri mpumzishe kivulini. Anza kazi alfajiri, umalizie jioni. Wewe mwenyewe wakati huo watafuta baraza yenye kivuli, sivyo?

Jambo la pili la kaskazi ni takataka. Majani yakikosekana, punda aliyeachwa huru hula karatasi, nguo na mifuko. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwezi wa Agosti 2017, lakini plastiki ya aina nyingine bado imetapakaa. Ikiingia tumboni haiyeyuki. Hukusanyika, hujisokota, na siku moja hufunga njia. Huo ndio msokoto wa tumbo. Punda huacha kula, hujitazama ubavuni, hulala na kuinuka, hajambi wala hatoi kinyesi. Ukiona hivyo usimnyweshe mafuta kwa nguvu, maana yakiingia mapafuni yatamwua. Mwite daktari wa mifugo saa ile ile.

Kinga yake ni chakula. Kabla ya Desemba, weka akiba ya nyasi kavu. Na usimwage chakula mchangani, kwa sababu mchanga nao huziba tumbo. Tumia karai au kipande cha turubai.

MASIKA: KWATO, MINYOO NA VIDONDA

Masika yakija, kuanzia mwisho wa Machi hadi Juni, tunafurahi kwa majani. Lakini huu ndio msimu wenye hatari nyingi kwa punda.

Punda asili yake ni nchi kavu. Manyoya yake hayazuii maji vizuri. Akilowa, hulowa mpaka ngozini. Basi kabla ya mvua ya kwanza awe na paa la makuti na pahali pa kusimama pasipotuama maji. Si lazima pawe banda la fahari.

Kwato zikikaa kwenye matope na mkojo huoza kwa chini. Utajua kwa harufu, na kwa maji meusi ukichokoa. Kila jioni inua mguu mmoja mmoja, toa uchafu kwa kijiti kisichochoma, angalia kama kuna jiwe au msumari. Ni kazi ya dakika tano. Kukata kwato ni kila baada ya wiki 6 hadi 10, kwa mtu anayejua. Punda wa mjini, kwato huliwa na mawe ya vichochoro. Punda wa mchangani, kwato hurefuka zikapinda kama viatu vya ncha. Kila mmoja aangaliwe kwa hali yake.

Minyoo nayo huenea sana kwenye majani yenye unyevu. Peleka kinyesi kikapimwe kabla mvua hazijaanza, na upime tena zikiisha. Dawa hutolewa kwa uzito wa mnyama, nao hukadiriwa kwa utepe unaozungushwa kifuani. Msigawane dawa ya punda mmoja kwa punda watatu. Dawa kidogo haiui minyoo. Huizoesha dawa, na mwaka ujao haitafanya kazi kwa punda wa mtu yeyote.

Sasa vidonda. Tandiko likilowa huchubua mgongo, na nzi wa masika hawakawii. Wengi hutandika mfuko wa plastiki wa saruji au wa mchele. Huo hushika jasho na kukata ngozi. Tumia gunia la katani au nguo ya pamba iliyojazwa sufi, nene pande zote mbili, ili uti wa mgongo wenyewe usiguswe. Shogi liwe na uzito sawa kulia na kushoto. Kila jioni anika tandiko na upapase mgongo kwa kiganja. Ukihisi joto au uvimbe, hiyo ni habari. Kesho mpumzishe.

Kidonda kikitokea, chemsha maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita, yakipoa osha. Usitie mafuta ya injini, wala maji ya betri, wala majivu.

Na tusisahau pepopunda. Lugha yetu yenyewe imemtaja punda katika jina la ugonjwa huu, ingawa na sisi binadamu hutupata. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi, na huingia kupitia kidonda, hata kidogo cha msumari katika kwato. Punda hukakamaa, taya hufunga, masikio na mkia husimama. Wachache hupona. Chanjo ipo. Muulize daktari wa mifugo lini punda wako achanjwe.

KUSI: WAKATI WA KUTENGENEZA

Kusi likivuma, Juni hadi Septemba, hewa ni baridi kidogo na majani bado yapo. Huu ndio wakati wa kumtengeneza punda kama vile nahodha anavyopandisha mashua pwani akaitia kalafati.

Angalia meno. Punda anayedondosha chakula alichokitafuna nusu, au anayekonda wakati wenzake wananenepa, huenda ana meno makali yanayomkata shavu. Meno huchongwa na mtaalamu, na yakaguliwe kila mwaka. Kama wataka kumhasi dume, fanya sasa wakati ardhi imekauka na nzi ni wachache. Upepo hupeperusha mchanga, basi osha macho kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa.

Punda jike hubeba mimba karibu miezi 12. Akipandwa Juni, mtarajie azae Juni au Julai mwakani, majani yakiwapo. Akipandwa Januari atazaa kaskazi, maziwa yatamshinda. Miezi mitatu ya mwisho ya mimba na mitatu ya kwanza baada ya kuzaa, asibebe mizigo. Na mtoto wa punda asitwikwe mzigo kamili kabla ya miaka minne. Mifupa yake bado ni laini. Ukimharakisha leo utakuwa na kilema akiwa na miaka minane, na punda akitunzwa aweza kuishi kupita miaka 20.

VULI: TUJIANDAE TENA

Vuli, Oktoba hadi Desemba, mvua si nyingi lakini unyevu hurudi, na minyoo na kwato vyataka kuangaliwa upya. Ndugu zetu wa bara, Hindi, Mpeketoni na Witu, wajihadhari na mbung'o. Punda mwenye homa inayokuja na kwenda, anayekonda na kupauka ufizi, apimwe damu. Vuli pia ndio mwisho wa kuweka akiba ya nyasi kabla ya kaskazi.

MZIGO HAUNA MSIMU

Mzigo ni jambo la mwaka mzima. Punda wetu wengi wana kilo 120 hadi 180. Wataalamu wengi husema mgongo usibebe zaidi ya theluthi ya uzito wa mnyama, yaani kilo 40 hadi 60. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Sasa hesabuni wenyewe mifuko miwili ni nini.

Najua mtaniambia, "Bwana, mteja halipi kwa mfuko mmoja." Basi tuhesabu pesa. Tuseme punda wako huleta shilingi 600 kwa siku. Umeona uvimbe mgongoni, ukampumzisha siku tano. Umepoteza shilingi 3,000. Umeuma meno ukaendelea, kidonda kikapasuka, kikakaa wiki tano. Umepoteza shilingi 21,000, na dawa hujanunua bado. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Zamani punda akifa mtu alisema atanunua mwingine. Leo si rahisi. Kuanzia 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa Kenya ili kuuza ngozi Uchina, na wizi wa punda ukaenea nchini. Serikali ilipiga marufuku Februari 2020, mahakama ikaliondoa katazo hilo 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Sensa ya 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8 nchini. Ile ya 2019 ilihesabu kama milioni 1.2. Uliye naye mtunze.

MASWALI YA WALIOHUDHURIA

Swali: Mimi naendesha punda wa mtu. Dawa alipe nani?

Jibu: Hapo ndipo punda wengi hupotelea. Mwenye punda hamwoni mnyama wake, na mwendeshaji akisema mgongo umevimba anaogopa kukosa kazi. Patana mapema, mbele ya shahidi. Mwenye mali alipe dawa, chanjo na kwato. Mwendeshaji amwangalie kila jioni na atoe habari bila kuogopa. Na siku ya kupumzika kwa ugonjwa isidaiwe hesabu. Mwenye punda, ukimdai kijana wako hesabu ya siku hiyo, umemfundisha kukuficha.

Swali: Wazee wetu walikuwa wakichoma moto pahali panapouma. Je, ni vibaya?

Jibu: Nawaheshimu wazee, walitumia walichokuwa nacho. Lakini moto huongeza kidonda cha pili juu ya maumivu ya kwanza, na kidonda hicho ni mlango wa pepopunda. Leo tuna njia nyingine. Tangu miaka ya 1980, shirika la The Donkey Sanctuary lilipofungua zahanati ya punda mjini Lamu, watu wa hapa wameona wenyewe punda waliopona bila moto.

Swali: Bodaboda zimeingia. Punda ana faida gani tena?

Jibu: Bodaboda inasaidia, siikatai. Lakini haipandi ngazi wala haipenyi vichochoro vyetu vyote, na haizai.

Swali: Punda wangu amekataa chakula tangu jana. Nimpe siku ngapi?

Jibu: Usimpe hata moja. Punda akikaa bila kula, mafuta ya mwili humwagika kwenye damu na kuharibu ini, na hilo humwua hata kama ugonjwa wa kwanza ulikuwa mdogo. Tukitoka hapa twende sote wawili tukamwone.

Na nyinyi wengine, mkifika nyumbani jioni hii, kabla hamjamfungulia punda kamba, pitisheni kiganja mgongoni na inueni miguu minne.