Jenereta Isilale Chumbani na Mtu

*Haya ni mazungumzo ya afisa wa zimamoto wa kaunti kwa wafanyabiashara wa Bisil kuhusu kubeba, kuhifadhi na kutunza jenereta ndogo za petroli.*

 

Mnakumbuka tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima. Novemba na Desemba mwaka uo huo ikapotea tena. Siku kama hizo ndizo humfanya kinyozi, muuza maziwa na mwenye duka la M-Pesa kununua jenereta.

Kabla hatujaanza, mama mmoja ameniuliza: "Nikiiacha nje usiku itaibiwa, nami nalala nyuma ya duka. Nifanye nini?" Swali hilo ndilo lililonileta hapa. Hofu ya mwizi ndiyo inayomfanya mtu awashe jenereta ndani na kufunga mlango.

Mama, mwizi atachukua mashine. Moshi utachukua watoto. Ndani ya moshi huo mna hewa ya kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu waliolala na jiko la makaa. Haionekani wala hainuki. Kufungua dirisha hakutoshi. Ikiwaka, jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwa milango na madirisha, na moshi uelekee pasipo na watu. Mvua ikinyesha, iwekwe chini ya paa lililo wazi pande zote, si ndani ya nyumba.

Kuhusu mwizi, mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee kizimba cha vyuma nje, kilichoshikizwa kwa saruji, chenye kufuli na nafasi ya hewa kupita. Majirani wawili au watatu wanaweza kuchangia kizimba kimoja na kulipa mlinzi. Kama huna kizimba, zima jenereta kabla ya kulala, iache ipoe kabisa, funga koki ya mafuta, kisha uiweke stoo. Stoo hiyo isiwe chumba cha kulala, na isiwe na jiko, mshumaa wala taa ya moto. Mvuke wa petroli hutambaa chini chini mpaka ukutane na moto.

Mtu akianza kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi usio wa kawaida huku jenereta inawaka, usimwambie alale apumzike. Mtoeni nje haraka, zimeni mashine, pigeni simu 999 au 112, na mpelekeni hospitali hata akisema amepata nafuu.

Sasa kubeba. Nimeona jenereta zimelazwa ubavu juu ya bodaboda, petroli ikidondoka kwenye ekzosi. Ipoe kwanza. Funga koki na mfuniko, isimame wima, uikaze kwa kamba pande zote ndani ya pikapu. Ikilala, oili huingia kwenye silinda na chujio la hewa, nawe utafika nyumbani uivute kamba mpaka mkono ulegee. Usiibebe ndani ya gari pamoja na abiria.

Petroli ibebwe kwenye mtungi uliotengenezwa kwa mafuta, si ule wa mafuta ya kupikia. Ukijaza kituoni, shusha mtungi chini. Ukijazwa ukiwa juu ya gari, cheche ndogo ya umeme tuli yaweza kuwasha mvuke. Usiujaze mpaka mdomoni. Usiongeze mafuta jenereta ikiwa inawaka au bado ni moto. Kinyozi asiyetaka kumkatiza mteja nusu kichwa ajaze tangi kabla hajaanza kunyoa.

Kuhusu matunzo, adui wetu hapa Bisil ni vumbi. Chujio la sponji lioshwe kwa maji ya sabuni, likauke kabisa, litiwe oili kidogo na kukamuliwa. Pima oili kila unapotaka kuwasha, mashine ikiwa mahali tambarare. Kitabu chake kitakueleza saa za kubadilisha oili. Andika saa unazotumia ukutani kwa chaki. Kama haitatumika kwa mwezi mmoja au zaidi, toa petroli kwenye tangi na kabureta, kwa sababu petroli iliyokaa huziba njia.

La mwisho, msichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Umeme huo hurudi kwenye nyaya za nje, na transfoma huupandisha kutoka volti 240 hadi volti 11,000 au zaidi. Fundi aliyepanda mlingoti kuwarudishia stima hufa akiamini waya umezimwa. Mwiteni fundi mwenye leseni ya EPRA awawekee swichi ya kubadilisha njia ya umeme. Asiye na swichi atumie waya mzito wa nje, achomeke vifaa moja kwa moja kwenye jenereta.

Mama, leo usiku kabla ya kulala, tazama mashine yako iko wapi. Ikiwa ndani mnamolala, itoeni. Wale mnaotaka kuchangia kizimba, bakini hapa tuonyeshane mahali panapofaa.