Dini Ilipojifunza Lugha ya Nyumbani



Tumeombwa kusema juu ya mabadiliko ya dini na utamaduni tangu zama za kati hadi mwanzo wa zama mpya, yaani takriban kati ya mwaka 1300 na 1750. Muda huo ni mrefu, na dakika tulizopewa ni chache. Basi tutashika jambo moja tu: katika karne hizo, pande zote mbili za Bahari ya Hindi, mafundisho ya dini yalitoka katika lugha ya wachache waliosoma yakaingia katika lugha ya nyumbani.

Tuanze na India, walikotoka wazee wetu. Elimu ya dini ilihifadhiwa kwa Kisanskriti, na waliofundishwa lugha hiyo walikuwa wachache, hasa wanaume wa Kibrahmin. Huko kusini, watunzi wa Kitamil walikuwa wamekwisha kuimba sifa za Mungu kwa lugha yao karne nyingi kabla. Njia hiyo ya ibada ya mapenzi, iitwayo bhakti, ilienea kaskazini. Katika karne ya 15, mjini Junagadh, Narsinh Mehta, naye ni Mbrahmin, alimwimbia Krishna kwa Kigujarati. Mapokeo yanasimulia kwamba alialikwa na watu waliohesabiwa kuwa najisi, akaenda kuimba nao, na jamaa zake wakamtenga. Huko Varanasi, Kabir, mfumaji wa nguo aliyelelewa katika nyumba ya Waislamu, alitunga kwa lugha ya mitaani, akiwakemea wakuu wa dini zote mbili bila upendeleo. Mwaka 1574 Tulsidas alianza kuandika habari za Rama kwa Kiawadhi. Yasemekana mapandita walinung'unika. Lakini kitabu chake, Ramcharitmanas, kiliingia katika nyumba za watu ambao Kisanskriti hakikupata kuwafikia.

Sasa tuvuke bahari kuja upande wetu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, alikuta mji wa Kiislamu ambao sultani wake aliwakirimu masharifu waliotoka Iraki na Hijazi. Elimu ya dini ilikuwa kwa Kiarabu. Upepo wa kaskazi ulileta nguo za Cambay, bandari ya Gujarat, na upepo wa kusi ulirudisha pembe na dhahabu. Watu wa pwani na watu wa Gujarat walijuana kwa biashara.

Mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi. Wareno walikutana hapo na wafanyabiashara Wahindi, na kwa kuwa hawakuwa Waislamu, wakawadhani kuwa ni Wakristo. Mwandishi wa safari ile aliandika pia kwamba watu hao hawakula nyama ya ng'ombe. Jambo hilo lilikuwa mbele ya macho yao, lakini maana yake haikuwafikia.

Miaka saba baadaye, mwaka 1505, Wareno waliishambulia Kilwa. Katika karne zilizofuata pwani ilipata misukosuko mingi, lakini lugha yake ilikua. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zimehifadhiwa hadi leo huko Goa, India. Na mwaka 1728, huko Pate, Bwana Mwengo wa Athumani aliandika Utendi wa Tambuka, akisimulia kwa Kiswahili habari za vita vya zama za Mtume. Sala ilibaki kwa Kiarabu. Lakini mama asiyejua Kiarabu aliweza sasa kuketi nyumbani akasikia habari za dini yake kwa maneno aliyozaliwa nayo.

Hapa Songea nako tunaye shahidi, ingawa ni wa baadaye. Wangoni walifika karne ya 19 kutoka kusini, wakiwa washindi wa vita. Hata hivyo, Kingoni cha Songea leo ni ndugu wa Kindendeule kuliko lugha ya Wazulu. Washindi waliichukua lugha ya waliowakuta.

Nasi je? Watoto wetu huhesabu, hutaniana na huota ndoto kwa Kiswahili. Wakati wa aarti husimama nasi na kupiga makofi, lakini tukiwauliza maana ya yanayoimbwa, wengi huinamisha macho. Wazee wanahofu kwamba Kigujarati kikitoweka, nasi tutatoweka. Hofu hiyo ina haki yake, kwani lugha ikipotea hupotea pamoja na bembelezo za bibi zetu. Lakini tukumbuke kwamba Kigujarati hiki tunachokilinda kama kitu kitakatifu kilikuwa, katika siku za Narsinh Mehta, lugha ya jikoni na ya sokoni. Kilitukuka kwa sababu mtu alithubutu kumwimbia Mungu kwacho.

Kwa hiyo tunaleta shauri hili mbele ya wazee. Mantra zibaki kwa Kisanskriti, na bhajan za mababu ziendelee kwa Kigujarati, nao watoto wafundishwe. Lakini kila baada ya aarti, maana ielezwe kwa Kiswahili, na kijana atakayetunga bhajan ya Kiswahili asizuiwe mlangoni. Kiswahili si mgeni kwetu: pesa, laki, bima na gari ni maneno yaliyotoka ng'ambo ile ile tuliyotoka sisi. Majirani wanaotuuliza kengele yetu inasema nini nao wana haki ya kujibiwa kwa lugha wanayoielewa.