Makato ya Kahawa na Mtoto wa Jirani

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya Mkutano Mkuu wa kutimiza miaka kumi)



Wenzetu wamekwisha kusema juu ya maghala, mizani na bei za mnada. Sisi twaomba kusema juu ya jambo moja dogo lililomo katika stakabadhi zenu, yaani makato ya mfuko wa elimu, ambayo Mkutano huu utayapigia kura leo, yaendelee au yafutwe.

Tumeyasikia manung'uniko, wala si haki kuyaziba. Mwanachama mmoja alituuliza, "Serikali imeondoa ada, twamlipia nani tena?" Swali hili ni la maana. Ni kweli ya kwamba mwaka 2001 ada ilifutwa katika shule za msingi za Serikali hapa Tanzania, na kuanzia Januari 2016 ada iliondolewa mpaka kidato cha nne. Watoto wengi mno waliingia madarasani, nasi twashukuru. Lakini sare, viatu, madaftari na chakula cha mchana vimebaki juu ya mzazi. Kwa mwenye shamba hivi ni vitu vidogo. Kwa asiye na kitu, ndivyo vinavyomfungia mtoto mlango. Hakuna anayemfukuza. Huona haya mbele ya wenzake, akabaki nyumbani.

Hatuna budi kukiri kosa letu. Miaka miwili ya mwanzo tuliwasaidia waliopata alama za juu peke yao, tukidhani twatenda haki. Kumbe mtoto anayeshinda na njaa hakuwemo katika orodha yetu, maana njaa haimwachi mtu kupata alama. Tena fedha tulizitia mikononi mwa wakubwa, na nyingine hazikumfikia mtoto.

Bibi mmoja ndiye aliyetufumbua macho. Alikuja ofisini na mjukuu wake yatima, wa darasa la saba, aliyeacha masomo wakati wa kuchuma akawa kibarua katika mashamba yetu wenyewe. Hakuomba fedha. Alisema, "Wanangu, mwamlipa huyu kwa debe asiende shule, kisha mwakata fedha ili watoto wasome. Lipi ndilo lenu?" Hatukuwa na jibu.

Tangu siku ile tulibadili taratibu. Kila chama cha msingi huchagua akina mama watatu wanaozijua nyumba za kijiji; wao hutaja watoto, wala hawaulizi alama. Fundi cherehani hulipwa na chama, mahindi na maharagwe hupelekwa shuleni, na mwanachama anayemchumisha mtoto saa za masomo huonywa mbele ya wenzake.

Kijana yule alirudi darasani. Hakuwa daktari wala mwanasheria. Alimaliza kidato cha nne kwa alama za wastani, akajifunza ufundi wa mitambo, na msimu uliopita alitengeneza mashine zetu za kumenya kahawa, nasi tukamlipa ujira wake. Majirani wasiojua kusoma humpelekea stakabadhi zao awasomee, nao hawapunjwi.

Wengine huuliza, kwa nini tusaidie nyumba zisizo za wanachama? Watu wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, walikuwa mafundi na wafumaji wa kipato kidogo. Lakini baadaye walitenga mbili na nusu katika kila mia ya faida yao kwa ajili ya elimu. Hawakungoja kutajirika. Na katika kanuni saba za ushirika zilizokubaliwa mwaka 1995, ya tano ni elimu, na ya saba ni kuijali jamii. Mtoto asiye wa mwanachama leo ndiye karani, fundi au mwanachama wa kesho. Na akiharibika, ataharibikia kijijini kwetu.

Ndugu Wanachama, kidole kimoja hakivunji chawa. Makato haya kwa mtu mmoja ni kidogo. Yakikusanywa, ni sare, ni sahani ya chakula, ni mtoto aliyebaki darasani. Uamuzi ni wenu. Mtakapoinua mikono, twaomba mkumbuke swali la yule bibi, mkalijibu.