Uliza Asilimia Kabla ya Kununua Siki

Msikilizaji uliyeko Kapalamsenga, nawe uliyeko Ikola, Karema na Mpanda mjini, nisikilize. Leo nazungumzia chupa ya siki, ile unayoikuta jikoni na kwenye vibanda vya chipsi. Hoja yangu ni moja: mtu asinunue, asiuze, wala asitie siki kwenye chakula bila kujua ina asidi asilimia ngapi.

Kinachoifanya siki iwe kali ni asidi asetiki. Wazee wetu waliifahamu kabla ya maabara. Wanzuki, pombe ya asali inayojulikana vizuri Katavi na Tabora, ikiachwa wazi huchachuka hadi mnywaji akaikataa. Pwani, tembo la mnazi likichacha namna hiyo watu hulitumia makusudi kama siki ya kupikia. Kazi hiyo hufanywa na bakteria: wanapopata hewa, hukigeuza kileo kuwa asidi. Siki ya mezani ya kawaida huwa na asidi ya asilimia 4 hadi 6, na kilichobaki karibu chote ni maji.

Njia nyingine ni ya kiwandani, ambako asidi asetiki hutoka ikiwa karibu asilimia 100. Kwa macho utadhani ni maji. Ikipata baridi ya nyuzi 16 huganda kama barafu, ikipashwa moto mvuke wake unaweza kuwaka na kulipuka, na ikikaa kwenye ngozi inaunguza. Lita moja ya asidi hiyo ikizimuliwa hutoa takriban lita 20 za siki. Viwanda vipo vinavyoifanya kazi hiyo kihalali, kwa vipimo na kwa asidi iliyosafishwa kwa ajili ya chakula. Hatari huanza pale mtu asiye na kipimo anapozimua kwa kukadiria, tena pengine kwa asidi ya kiwandani yenye uchafu, kisha akajaza chupa ya soda na kuipeleka sokoni bila lebo.

Sasa tuziangalie siki hizi kwa ukali wake.

Siki ya asilimia 5 ndiyo rafiki wa nyumbani. Sisi watu wa ziwa tunakula migebuka na dagaa, na tunajua shombo linavyong'ang'ania mikononi na kwenye kisu. Shombo hilo linatokana na kemikali ya jamii ya alkali, na asidi huizima. Osha samaki, ubao na mikono kwa siki kidogo, kisha suuza kwa maji safi. Birika lisilo la alumini lililoganda utando mweupe ndani, tia siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, acha saa moja, sugua na usuuze. Asiye na siki atumie ndimu, nayo inafanya kazi hizo zote mbili. Ila kwenye achari ya maembe au pilipili usikisie. Tumia siki yenye lebo ya asilimia 5, na fuata kipimo cha mapishi bila kuongeza maji, kwa sababu asidi ikipungua vijidudu vya hatari vinaweza kuota ndani ya chupa. Siki itunzwe kwenye chupa ya kioo au plastiki inayofaa kwa chakula. Isilale kwenye sufuria ya alumini, maana inaila. Nanyi mnaoishi kwenye ardhi yenye shaba mnaijua kutu ya kijani: asidi hii huizalisha juu ya shaba, na kutu hiyo ni sumu.

Siki ya asilimia 10 na kuendelea si ya mezani tena. Hutumika kuondoa madoa sugu na kuunguza majani ya magugu uani. Inawasha ngozi na macho, kwa hiyo vaa glavu. Usiimwage kwenye sakafu ya saruji, kwani itaitafuna. Na siki yoyote, hata ile ya mezani, usiichanganye na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, nayo huumiza mapafu.

Kuanzia asilimia 25 kwenda juu, hiyo inaunguza ngozi na inaweza kupofusha. Haina kazi nyumbani kwako. Ikimwagikia mtu, mvue nguo zilizolowa na umwoshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20. Akiinywa, usimtapishe, asukutue mdomo, kisha awahishwe kituo cha afya.

Kuna matumizi mengine ambayo nayajali sana, hasa kwa ajili ya mama na dada zetu. Katika vituo vyetu vya afya nchini, asidi asetiki iliyopimwa kati ya asilimia 3 na 5 hutumika kuchunguza dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Mhudumu hupaka siki hiyo, husubiri kama dakika moja, na sehemu yenye seli zilizobadilika hugeuka nyeupe. Saratani hii ikigundulika mapema, inatibika. Wanawake wa miaka 30 hadi 50 msiogope kwenda, na wanaoishi na VVU wasisubiri hata kufikia umri huo. Lakini asitokee mtu akakudanganya ujisafishe ukeni kwa siki nyumbani. Huko ni kujiumiza. Kipimo ni kazi ya mhudumu aliyefunzwa.

Sheria ipo. Tunayo Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Na tangu 2019, usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Lakini mkaguzi hawezi kusimama kwenye kila genge la Kapalamsenga. Mkaguzi wa kwanza ni wewe mwenye pesa mkononi.

Kwa hiyo, mwenye duka, usipokee siki isiyo na lebo, hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Mama na baba lishe, wauza chipsi, wateja wenu wamewaamini. Wawekeeni mezani siki mnayoijua. Mzazi, kemikali yoyote kali usiihifadhi kwenye chupa ya soda au ya maji, kwa sababu mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa. Na wewe mnunuzi, kabla ya kulipa, geuza chupa uisome: ina asilimia ngapi, imetengenezwa na nani, inaisha lini. Usipoyaona hayo, rudisha chupa. Nunua ndimu.