Mazungumzo Baada ya Habari: Gari la Abiria la Kampala

Wasikilizaji walioko katika kambi ya polisi ya Nsambya hawana haja ya kuelezwa reli iko upande gani. Njia ya gari la moshi hupita bondeni, baina ya kilima chao na jiji, na kutoka hapo hadi stesheni kuu ya Kampala ni mwendo mfupi wa miguu. Mazungumzo ya leo yahusu stesheni hiyo, na hasa kazi yake moja ambayo imekuwa ikifa na kufufuka: kuwachukua wafanyakazi wa mshahara mdogo asubuhi na kuwarudisha makwao jioni.

Nsambya yajulikana kwa misheni na kwa hospitali iliyoanzishwa mwaka 1903. Lakini kwa muda mrefu kilima hicho kilikuwa pia cha watu wa reli. Zilijengwa hapo nyumba za watumishi: madereva wa treni, magadi, mafundi, makarani na vibarua wa kutunza njia. Watu hao walitoka pande nyingi za Afrika Mashariki, na lugha iliyowaunganisha kazini ilikuwa hii hii ya Kiswahili, kama ilivyokuwa kwa askari kambini. Nyingi katika nyumba hizo zimekwisha kubomolewa. Pamoja nazo limeondoka kundi la watu ambao, wakisikia mlio wa gari, waliweza kusema kama limechelewa na limechelewa kwa kiasi gani.

Reli yenyewe ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu, ufukoni mwa Ziwa Victoria, mwezi wa Desemba 1901. Iliitwa Reli ya Uganda, na jina hilo halikuwa la uongo, maana wakati ule Kisumu ilihesabiwa kuwa ndani ya Uganda. Mwaka uliofuata wakoloni wakahamisha mpaka, na Uganda ikajikuta ina reli yenye jina lake isiyokanyaga ardhi yake. Msafiri wa Kampala alivuka ziwa kwa meli hadi Port Bell, kisha akamalizia safari kwa barabara. Mwaka 1915 reli fupi ikaiunganisha Port Bell na Kampala. Mwaka 1931, baada ya daraja kujengwa juu ya mto Nile huko Jinja, mtu aliweza kupanda gari Mombasa na kuteremka Kampala bila kuingia melini.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la reli la pamoja likavunjika nayo, na Uganda ikaunda shirika lake. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu, na mwaka 1997 magari ya abiria yakasimamishwa. Mizigo iliendelea kupita, lakini kwa miaka kumi na minane raia wa kawaida hakuwa na shughuli katika stesheni ya Kampala. Kijana aliyezaliwa Nsambya mwaka ule alifika umri wa kupiga kura bila kuona abiria wakipanda behewa chini ya kilima chao.

Ndipo mwezi wa Desemba 2015 gari la abiria likarudi, likitoka Kampala kwenda Namanve kupitia Nakawa, Kireka na Namboole. Nauli ya mwanzo ilikuwa shilingi 1,500. Safari ni fupi, lakini yeyote anayeijua Barabara ya Jinja saa za asubuhi anafahamu thamani yake. Basi dogo husimama katika msongamano huku abiria akiitazama saa. Bodaboda hupenya, ila kwa bei na kwa hatari zake. Behewa halina mtu wa kulizuia njiani, na injini moja huvuta mamia ya watu kwa mpigo mmoja.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 shirika la serikali likarudishiwa reli kutoka kwa kampuni iliyokuwa imekabidhiwa tangu 2006. Mwaka 2020 maradhi ya korona yakasimamisha usafiri wa umma nchini. Mwaka 2023 gari likasimama tena ili njia ya Kampala hadi Mukono ikarabatiwe, likarudi 2024. Kila kusimama kulikuwa na sababu yake, na ukarabati ule haukuweza kuepukwa. Hata hivyo yafaa itazamwe hali ya mfanyakazi aliyekwisha kupanga chumba Kireka kwa kutegemea gari la asubuhi. Gari linapoondolewa, kodi ya chumba haipungui, ila nauli yake huongezeka siku ile ile. Kwa mtu kama huyo, huduma ijayo na kutoweka yaweza kumdhuru kuliko ile isiyokuwapo kabisa, kwa kuwa amejenga maisha juu yake. Askari aliyezoea kuitikia paredi kwa saa iliyotajwa hatashangazwa na neno hili: ratiba ni ahadi.

Ahadi hiyo si rahisi kuitimiza. Njia ni moja tu. Gari la abiria na magari ya mizigo hugawana reli ile ile, na moja likichelewa lingine hungoja. Tena jiji limeisogelea reli mno. Mwaka 2014 vibanda vilivyokuwa kandokando ya njia vilibomolewa, na wengi wa walioondolewa walikuwa maskini wale wale ambao gari lilikusudiwa kuwasaidia. Jambo hilo liliacha uchungu, na haufai kufichwa. Lakini behewa haliwezi kupishana na meza ya nyanya.

Hapa ndipo kazi ya polisi inapoingia. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina mkwaruzo mwingi. Ndiyo sababu treni huvuta mzigo mkubwa kwa mafuta machache, na ndiyo sababu hiyo hiyo haiwezi kusimama ghafla. Dereva akiliona gari limekwama kwenye tambukareli, aghalabu breki zimekwisha kuchelewa; awezalo ni kupiga honi na kuvuta breki, kisha kungoja. Kwa hiyo askari wa usalama barabarani aliyewekwa kwenye tambukareli asiruhusu gari liingie juu ya reli kabla mbele yake hapajawa na nafasi ya kutokea, hata kama madereva walio nyuma wanapiga kelele. Msongamano wa dakika tano utasahauliwa kabla ya jua kutua. Mabehewa ya jioni kutoka Kampala huwa yamejaa, na baadhi ya waliomo ni wake na watoto wa askari wenyewe.