Kijiji Kiamue Kabla ya Bajeti: Maji na Maendeleo ya Kwaluguru



Nimepewa mada ya maendeleo yanayoongozwa na wananchi katika vijiji vya pembezoni. Nitaizungumzia nikiwa na kata ya Kwaluguru mawazoni, pamoja na vijiji vinavyofanana na vyake katika wilaya za Handeni na Korogwe. Nitakaa zaidi kwenye maji. Kwetu Uzigua, maji ndiyo yanayoonyesha haraka nani anaamua na nani anabeba ndoo.

Mto Pangani unapita Korogwe. Tangu miaka ya 1970 mtambo wa HTM (Handeni Trunk Main) umekuwa ukichota maji ya mto huo pale Tabora, Korogwe, na kuyasukuma hadi Handeni. Ni kazi kubwa na imeokoa watu wengi. Sasa mtambo huo umeingizwa katika mradi wa maji wa miji 28, unaogharimiwa kwa mkopo kutoka India. Tunaushukuru. Lakini kijiji kilicho mbali na bomba kuu bado kinaishi kwa lambo, kisima na mvua za masika na vuli, na hata kilicho karibu na bomba kinakauka pampu ikisimama. Kwa hiyo bado tunajiuliza ni kitu gani kijiji chenyewe kinaweza kukishika mkononi.

Tulitazame lambo. Linachimbwa kwa fedha za mradi, wananchi wanajitolea kazi ya msaragambo, kiongozi anakuja kulizindua. Baada ya misimu kadhaa limejaa tope. Sababu zinajulikana na kila mtu pale kijijini: juu yake watu wamelima hadi ukingoni, miti imekatwa kwa mkaa, na ng'ombe wanaingia majini moja kwa moja kwa kuwa hakuna aliyejenga birika la kunyweshea pembeni. Mhandisi hawezi kuyazuia hayo akiwa ofisini. Yanahitaji makubaliano kati ya mkulima Mzigua na mfugaji Mmaasai au Mkwavi, yenye mipaka, faini, na mtu wa kuisimamia faini hiyo. Makubaliano ya namna hiyo hayaandikwi Dodoma wala Tanga mjini.

Sheria imekwisha kutupa nafasi. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa kwa utaratibu wa Madaraka Mikoani, na maofisa wakawa ndio wenye neno la mwisho. Sheria namba 7 ya mwaka 1982 ilizirudisha na kukifanya kijiji kuwa mamlaka kamili: mkutano mkuu wa watu wazima wote ndio wenye kauli kuu, na kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo zinazoidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaongeza kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Kwa wilaya ya Handeni, ambayo tangu Juni 2022 imepokea familia zilizohamia Msomera kutoka Ngorongoro, kifungu hicho kinagusa malisho na maji ya watu kila siku.

Hata hivyo, mikutano yetu mingi inaitishwa kusikiliza. Ofisa anafika na mradi ulioandikwa tayari, anaueleza, mahudhurio yanasainiwa, na taarifa inasema wananchi wameshirikishwa. Tena mkutano unaitwa saa ambayo akina mama wako kisimani, halafu tunashangaa kwa nini kilula kimewekwa karibu na ofisi ya kijiji badala ya karibu na kaya zenye shida. Mimi naliita hilo dhuluma, maana nguvu za watu hawa tunazitumia bila akili zao.

Fedha nazo zina kasoro hiyo hiyo. Sheria ya maji ya mwaka 2019 iliunda RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kuvipa vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii kazi ya kuendesha miradi. Chombo hicho kikikusanya fedha za kila ndoo na hesabu zake zisisomwe mbele ya mkutano, watu wataacha kulipa, na siku pampu itakapoharibika hakutakuwa na fedha ya kununua kipuri. Hesabu zikisomwa kila miezi mitatu, mkutano mkuu unapokaa kisheria, hata mwenye kipato kidogo ataona ndoo yake imeenda wapi.

Ninaziomba halmashauri za Handeni na Korogwe jambo moja kabla ya bajeti ijayo. Ofisa aende kijijini na kiasi cha fedha kilichopo, bila mradi mkononi. Mkutano uitwe saa ambayo wanawake na wachungaji wanaweza kufika. Waamue fedha ifanye nini, nani ataitunza kazi hiyo, na nani atatoa hesabu. Mradi usiokuwa na muhtasari wa uamuzi huo usipitishwe.